Ukurasa wa Kumi na Saba

Shangazi alinisimamisha pale Langoni,
mbele ya duka la vocha:
"Huo uzamili wako, ni wa vitabu au wa kompyuta?"
Nikasema vyote viwili.
"Basi," akanipa simu yake, "haishiki chaji."

Sijapata jina fupi la ninachosomea.
Kwenye fomu ya chuo ni mistari miwili, herufi kubwa.
Hapa Amu ni hivi: nakaa sakafuni
kwa Bi Mwanaamu binti Famau, mshona kofia,
napiga picha karatasi za bibi yake
zilizolala miaka kwenye kopo la biskuti
pamoja na risiti za maji.

Kurasa sitini na tatu.
Kila moja nailaza kama mgonjwa,
rula kando, namba, kipande cha rangi,
nazuia pumzi wino usibanduke.
Umeme ukikatika nangoja.
Yeye hangoji. Sindano yake haina waya.

Usiku naifunza mashine kusoma khati.
Chuo cha kwanza nilifunzwa alifu kwa ubao na fimbo;
chuo cha pili ndimi mwalimu, na fimbo sina,
na kuna usiku naitamani.
Nikiipa maneno mia, thelathini inayakosa.
Mdudu haimjui: tundu la mchwa juu ya *re*,
yenyewe imeona nukta, imesoma *ze*.
*Sura yako usifite*, mwenyewe aliandika.
Ikanirudishia: *Suza yako usifite*.
Na chini ya *usifite*, mstari mwekundu.
Chini ya *mato*, mstari mwekundu.
Chini ya *nti*, mstari mwekundu:
nti yangu nzima imesahihishwa
na kitu kisichowahi kuteremka forodhani.

Nilipomsomea Bi Mwanaamu
alicheka hata uzi ukamkatikia.
Akainua kofia dirishani, mwanga ukapenya
kwenye vishimo vyake vidogo, safu kwa safu.
"Basi mimi na mashine yako tu mafundi wamoya,
twahesabu matundu."

Ukurasa wa kumi na saba ulikunjwa mara nne.
Bibi yake aliuandika usiku wa kuamkia
harusi ya bintiye.
Nilisomewa mara moja, mlango umefungwa.
Beti kumi na moja.
Sitasema zilisema nini.
Kisha akaukunja. "Huu si wa watu."

Nikaeleza: hifadhi, nakala, seva,
watafiti wa kesho. Nikaeleza
kwa Kiswahili cha semina, kirefu, kisafi,
naye yuwashona tu.
Alipofika mwisho wa safu akaniuliza
kama hao watafiti wa kesho
wamealikwa harusini.

Msimamizi wangu, kutoka Nairobi, sauti ikikwama-kwama:
"Data isiyo wazi... si data."
Na jedwali lina visanduku vyake:
Mwandishi. Tarehe. Lugha. Ruhusa.
Chini ya Ruhusa machaguo ni mawili,
*wazi* au *imefungwa kwa muda*.
Hakuna pa kuandika:
wanawake, mlango umefungwa, mara moja.

Nilikaa na kisanduku kile
mpaka punda wa jirani akaitangulia adhana.
Nikaandika: *uk. 17, hausomeki*.
Nikahifadhi. Mashine haikupiga mstari
mwekundu popote. Kilikuwa Kiswahili sanifu.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa pili,
mwenye kalamu nyekundu ya kweli,
alisimama papo hapo.
Kurasa sitini na mbili zimesomeka, akasema,
hata zile zilizolowa.
Huu umepatwa na nini?

Sura yangu sikuifita.
Nilimtazama kwa mato yangu mawili.
"Mchwa," nikasema.