Boga la Kilo Kumi na Moja

Asiye na mwana aeleke jiwe.
Mimi ninaye, ila ana miaka kumi na mitano,
na Ijumaa hii yuko kwa kina Océane
wakipakana wanja mpaka mashavuni.
Basi nimeeleka boga,
toka dukani hadi mlangoni, mitaa mitatu,
theluji ya kwanza ikinidondokea kolani.

Hapa Sudbury Halowini huvaliwa juu ya koti.
Ndiyo sheria, ingawa haikuandikwa popote.
Malkia ana buti za manyoya,
maiti kafungwa skafu na mamake,
na mnyonya damu, kila anapotaka kutisha,
sharti kwanza avute kamasi.

Jicho la kwanza nililichonga vizuri.
La pili, kisu kiliteleza:
likawa kubwa, likawa linashangaa
kama jirani yangu Lahtinen
siku aliyoletewa bili ya gesi.
Nimeliacha vivyo hivyo. Nimetia mshumaa.

Huku hawasemi hodi.
Wanasema: tupe tamu, au utakiona cha mtema kuni.
Lakini hodi ni hodi, hata ikivaa pembe,
na mkono mtupu haulambwi.
Karai limejaa chokoleti ndogondogo,
na zile pipi za mdalasini asizozitaka mtu.
Maëlle huniambia kila mwaka.
Kila mwaka nanunua.

Kati ya hodi na hodi, runinga.
Ile tamthilia ya mpelelezi wa mnara wa taa
nimeikeshea wiki tatu, vipindi ishirini na viwili,
na muuaji akaja kuwa daktari wa meno
ambaye hatukuwahi hata kumwona!
Nimedhulumiwa. Sijui nishtaki wapi.
Jumanne nilikwenda sinema, peke yangu,
filamu ya kutisha, tiketi nusu bei.
Jini lilipogeuka, zipu ya mgongoni ikaonekana,
safu nzima ikavunjika mbavu, nami nikiwemo.
Usiku nililala na taa ya ukumbini inawaka,
kwa sababu zangu.

Kesho ni matairi.
Mji mzima umekumbuka leo kwamba kuna baridi;
saa moja asubuhi watapanga foleni karakana
wakinitazama kana kwamba theluji niliileta mimi.
Jumapili kwa mama mkwe.
Bintiye ndiye aliyeniacha, yeye bado,
na supu yake ya njegere hainidai maelezo.
Ndiyo wikendi yangu, imeisha kabla sijaianza.

Saa mbili akabaki mmoja.
Mtoto wa miaka minne, labda mitano,
pweza, mikono sita ya soksi inaning'inia.
Akatazama ovaroli yangu, grisi,
jina langu lililoshonwa kifuani.
"Na wewe umevaa nini?"
"Fundi matairi."
Akanikagua juu hadi chini, bila haraka.
"Umefanana naye kweli."
Kisha akauzamisha mkono, ule wa kweli, mfukoni mwake,
akanipa pipi.
Ya mdalasini.
Huenda ilikuwa yangu mwenyewe, imezunguka mtaa ikarudi.
Babake, kule njiani, alicheka mvuke mtupu.

Saa nne kasoro mlango ukafunguka bila hodi.
Wanja umemtiririka mpaka kidevuni,
sijui ni theluji, sijui ni nini, sikuuliza.
Akaketi kochini na koti lake.
"Lile boga lina nini jichoni?"
"Limeona bili ya gesi."
Hakucheka. Alipumua tu, kwa pua, karibu na kucheka.
Akachukua pipi yangu mezani, akaimenya,
akakunja uso.
"Bado unanunua hizi?"
"Hiyo nimepewa," nikasema,
naye akanitazama, pipi shavuni,
akisubiri nimweleze na nani.