Sarafu Yenye Tundu

Bawa la kinu cha upepo limelala ubavu
katika ukumbi wetu wa Thyborøn,
mita sitini na mbili, shina limekazwa kwa boliti ukutani,
ncha ikipanda, ikishuka, ikipanda,
kama mtu anayekataa kwa adabu
usiku kucha, bila kupaza sauti.

Mzunguko wa milioni mbili na laki moja.
Nje, theluji ya Machi inageuka maji kabla ya kugusa lami.
Ndani, mimi na kompyuta
tumelikata bawa vipande laki nane vya hesabu,
kila kipande na nyuzi zake za kioo, gundi yake, jirani zake,
na kila kimoja nimekipa namba ya maumivu:
sifuri, kizima;
moja, hakipo tena.
Katikati ya hizo ndimo tunamoishi sote,
lakini hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Modeli inasema: mita ya arobaini na moja,
kando ya mshono, rangi nyekundu, wiki ijayo.

Villads hatazami rangi.
Ana miaka thelathini kwenye mabawa
na bega moja lisilopanda kupita sikio.
Tunasimamisha mashine kwa ajili yake.
Anatoa mfukoni sarafu ya kroni tano, ile yenye tundu,
anatembea ubavuni mwa bawa
akigonga kama mgeni asiye na haraka:
ti. ti. ti. ti.
Mita ya ishirini na nane:
to.
Anarudi hatua moja. Ti. To.
"Hapa pamefunguka chumba," anasema.

Nikainama na tochi.
Rangi nyeupe, laini, hata mkwaruzo hamna.
Tumeusiwa kuziba ufa mapema;
huu utauziba kwa macho gani?
Na skrini yangu, mahali palepale,
buluu tupu, buluu ya mtoto aliyelala.
Nilikasirika, nakiri.
Niliikasirikia sarafu.

Mei tukalikata kwa msumeno wa almasi.
Chini ya tabaka arobaini: kunyanzi.
Kunyanzi moja la kitambaa cha kioo,
kimo chake punje ya mchele.
Kuna mtu alipiga magoti kiwandani asubuhi fulani
akakilainisha kitambaa kwa viganja.
Labda simu iliita. Labda mwanawe alikuwa na homa.
Gundi ikamwagwa, ikakauka, ikatunza siri,
na tangu hapo kila mzunguko
ulilitaka kunyanzi linyooke
nalo halikuweza.

Modeli yangu ilitandika kila tabaka
kama shuka la hospitali.
Haikumjua aliyetandika.

Sasa naandika upya. Nampa nafasi.
Kimo: milimita tatu. Nyuzi zipinde digrii kumi na tano.
Alfajiri, kwenye mita ya ishirini na nane,
kinaiva kitone chekundu, kidogo kama chunusi.
Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza:
na mengine yako wapi?
Basi nabahatisha, kwa hesabu. Natengeneza mabawa elfu moja,
kila moja na kosa lake pengine,
nayavunja yote kabla ya chakula cha mchana.

Villads anasimama nyuma ya kiti changu.
"Na ile sauti, umeipata?"
"Bado."
Anaitikia kwa kichwa, anakwenda kwenye mashine ya kahawa,
anaitumbukiza sarafu.
Namwuliza kama ni ileile.
Anapapasa mfuko mwingine kwa mkono wake mzima.
"Zote hugonga," anasema.