Kifaa cha Kuhesabia

Katibu kasema: pangusa, orodhesha, kisha tupa.
Ghala la chama, Kitangari, wiki moja kabla ya mnada.

Nikaanza na kompyuta, ile ya kwanza,
nyeupe iliyogeuka rangi ya meno ya mvuta kiko,
kichogo kizito kama mtungi uliojaa.
Panya wamezalia palipokaa kumbukumbu.
Disketi kumi na mbili.
Mdomo wa kuzimeza haupo tena.

Chini yake kalkuleta ya jua,
saba imefutika kwa kidole cha Karani Nambanga.
Saba ilikuwa na nini, Karani?

Chini zaidi, ndani ya gunia, chuma:
mashine ya mkono, iliyoletwa kwa lori toka Nachingwea
wazungu wa karanga walipofilisika.
Nikazungusha mpini. Krrr.
Ikajumlisha.
Miaka arobaini gizani,
na mbili kwa mbili bado ni nne.

Daftari la sabini na tatu nikalipeleka nyumbani.
Mama akashusha kopo toka darini, akatoa kamba ya katani.
Bibi Somoe hakujua herufi.
Gunia moja, fundo dogo. Kumi, fundo kubwa.
Nikapapasa: makubwa manne, dogo moja.
Daftari: *Somoe Likwachala, magunia 36.*

"Alilia pale dirishani," Mama akasema.
"Karani akazungusha mpini, akamwonyesha tundu la namba.
Mashine haikosei, mama. Nenda."

Nikatoa simu. Arobaini na moja, toa thelathini na sita.
Tano.
Asubuhi nikaiuliza ile ya chuma, mpini kinyumenyume.
Tano.
Nikaianika kalkuleta juani, ikazinduka taratibu kama kenge.
Tano.

Kumbe hakuna iliyosema uongo.
Zote zilibangua walichozipa,
na korosho mbovu haiponi kwa kubanguliwa.

Wiki ijayo ni mimi nitakayekaa mbele ya mzani wa umeme.
Nitabonyeza, na ujumbe utaruka hadi Mnyambe, hadi Mkoma,
kwenye simu za watu watakaoamini
kwa sababu namba zinang'aa.
Vidole ni hivi hivi kumi. Nimevitazama sana leo.

Orodha nimeimaliza.
Kompyuta, moja, mbovu.
Disketi, kumi na mbili, hazisomeki.
Kalkuleta, moja, haina saba.
Mashine ya mpini, moja, nzima, isitupwe.

Na mstari wa mwisho, ambao Katibu atauuliza:
kamba ya katani, moja.
Kifaa cha kuhesabia.
Kinafanya kazi.