Mara Mia na Arobaini na Nne

Kioo nilikinunua Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
kimetumika, kimekwaruzika pembeni,
na muuzaji, Chande, akaapa kwa macho yake mawili
kwamba kinapepesa mara mia na arobaini na nne
kila sekunde.
Nikakibeba kifuani hadi Tandika
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenzake.

Kukiwasha: sitini.
Sitini tu, kama kile kibovu nilichomwachia Shomvi.

Kompyuta yangu haina kadi ya picha.
Picha zake huzaliwa humo humo kwenye prosesa,
mpangaji asiye na jiko lake.
Anapika kwa zamu, anachota memori
kwenye ndoo wanayochota wote,
na luku wanachangia.
Naijua nyumba hiyo, nimekulia humo:
vyumba sita, bomba moja,
na mama akihesabu uniti kwa sauti
ili mwenye pasi asikie.

Nilimpigia Chande nimtukane.
Akangoja nimalize. Kisha: "Waya gani?"
Nikachungulia nyuma ya meza.
Waya ule ule wa deki ya zamani.
"Toa huo. Tafuta wenye kichwa kilichokatwa kona moja tu.
Halafu ingia kwenye mipangilio, useme mwenyewe.
Mashine haikupi usichoomba."

Elfu kumi na mbili, waya.
Nikachomeka, nikafungua mipangilio, nikashuka, nikashuka,
na namba ilikuwa imekaa pale
inangoja kuguswa.

Kioo kikazimika. Moyo nao.
Kikarudi.

Nikasukuma mshale.
Jamani.
Haukuacha mkia wala mzimu nyuma yake,
ulikwenda kama tone la mafuta kwenye kikaango.
Nikamwita Mwanahawa aje aone.
Akasema mshale ni mshale.
Kisha akakaa robo saa nzima akiuzungusha,
na chai yangu akainywa.

Lakini mpira ulikuwa kesi nyingine.
Nilipofungua gemu
kioo kiliuliza mara mia na arobaini na nne,
mashine ikajibu mara thelathini na nane,
inahema, feni inalia kama nzi ndani ya chupa.
Nikaongeza kijiti cha pili cha memori,
ndoo ya pili bombani:
hamsini na tisa.

Basi nikaanza kuuza vitu vya ndani.
Nikauza vivuli.
Nikauza nyasi, pakabaki kijani kama rangi ya geti.
Nikauza mikunjo ya jezi, jasho, nyavu kutikisika.
Mwisho nikalitoa jukwaa zima,
watu wote,
hata yule wa kona ya kusini
aliyekuwa akipeperusha shuka.

Mia na tisa. Mia na thelathini na moja.
Haikufika, nami sikudai.
Uwanja mtupu, mweupe, hauna kivuli,
kama uchochoro wetu saa saba mchana,
na mpira unatiririka, unatiririka,
hauruki hata pumzi moja.

Mama akapita na beseni la nguo, akasimama mlangoni.
"Mbona watu wameondoka?"
"Nimewatoa, mama, ili mpira ukimbie."
Akatazama kidogo.
"Na goli likiingia, nani atapiga kelele?"
Akaenda zake.

Dakika ya sabini na mbili nikafunga,
shuti la mbali, safi, niliona kila mzunguko wake.
Kimya.

Halafu kutoka koridoni
beseni likapigwa ngumi, mara mbili.