Ufunguo wa Bembea

Kisiwani Lewis, upepo haujui Jumapili.
Huvuma tu, hung'oa mabati ya mabanda,
huzitikisa kamba tupu ambazo mama
alizianua nguo Jumamosi kabla ya giza,
Mungu asije akakuta soksi zinaning'inia.

Baba yangu, Iomhar, alikuwa na kazi moja zaidi:
kuteremka hadi uwanja wa watoto,
mnyororo begani kama mtu aendaye kufunga ng'ombe,
azifunge bembea zote nne,
avute kufuli mara mbili ndipo aamini.
Ufunguo ulilala mfukoni pamoja na pipi za mnanaa.

Nyumbani viazi vimemenywa jana, maji yametekwa jana,
hata kicheko tulipaswa tuwe tumekicheka jana.

Sasa kifua chake kinapiga filimbi, hatoki kitandani.
Leo alinituma kabatini: "Oighrig, lete daftari."
Sikujua kama kuna daftari.
Miaka arobaini na sita, kwa penseli:
*Nilinyoa ndevu, saa mbili asubuhi.*
*Niliwaza bei ya kondoo katikati ya mahubiri.*
*Nilipiga mluzi. Nusu ya wimbo.*
Nusu! Aliipima hata dhambi,
kama muuza duka apimaye sukari
huku mteja amemkodolea macho.

"Jumlisha," akasema. "Nijue nimebakiza ngapi."
Nikajumlisha, kwa kuwa ni baba yangu.
Kisha nikaiacha penseli ndani ya kurasa.
"Hukubakiza, baba. Hata kuanza kulipa hukuanza.
Deni hili si la kulipwa kwa ndevu zisizonyolewa.
Alishalilipa Yule uliyekuwa ukimwimbia zaburi
huku umempa mgongo, unahesabu.
Umepewa bure. Pokea tu."

Alinyamaza hadi nikaisikia saa ya jikoni.
Halafu akacheka. Jumapili, saa tano,
akacheka hadi akakohoa,
akapapasa chini ya mto, akanipa ufunguo
ukinukia mnanaa.

Kufuli lilikuwa na kutu; liligoma, likakubali.
Hakuja mtoto yeyote.
Ng'ambo ya barabara pazia lilisogea, likarudi.
Basi nikaketi mimi, miaka hamsini na minane,
na viatu vyangu vyeusi vya ibada,
nikajisukuma
kidogo,
kisha si kidogo.