Saa Moja na Dakika Arobaini na Tano

Tiketi imeandika: Gdańsk hadi Bergen,
saa moja na dakika arobaini na tano.
Mzee Augustyn akacheka kwa pua.
Kwa daktari wa meno hukaa foleni zaidi ya hapo.

Akafungua atlasi ya shule, ya enzi ambazo
nchi kadhaa zilikuwa bado nchi moja,
akanyoosha uzi wa kushonea vifungo
toka mjini kwake, juu ya Baltiki,
hadi ile pwani iliyochanikachanika
kama pindo la nguo kuukuu.
Vidole vinne. Kilomita elfu moja na ushee.
"Njia ya mwongo fupi," akasema,
akaukata uzi kwa meno.

Miaka arobaini aliendesha winchi bandarini,
akininginiza hewani vyuma vya watu;
yeye mwenyewe hajapata kupanda
kupita ngazi ya winchi.

Uwanjani wakamvua mkanda, wakamvua viatu,
wakakuta chupa ya uyoga wa siki,
ya mwisho,
mwandiko wa Leokadia ungali kwenye karatasi:
*Septemba. Msitu wa nyuma ya reli.*
"Maji hayapiti, babu."
"Si maji. Ni siki."
"Hata siki."
Akasimama kando, soksi moja kijivu moja nyeusi,
abiria wakimzunguka kama nguzo.

Angani hakuona kitu. Mawingu,
mtoto aliyelia toka kupaa hadi kutua,
chai ya bei ya kiatu.
Saa yake ya mkono ikahesabu: moja na arobaini na mbili.
Wameokoa dakika tatu.
Za kupeleka wapi?

Witold alikuwa mlangoni, koti la kiwandani mwilini,
akinuka samoni hata baada ya sabuni.
Wakapeana mikono
kama watu wanaouziana gari.

Jumapili mvua. Jumatatu mvua.
Jumanne ikaanza mapema zaidi.
Mwana akitoka zamu hukuta baba amechemsha viazi;
wanakula, kijiko kinasema, sahani inajibu.
Hakuna anayeitaja Novemba,
ukungu uliofunga uwanja siku mbili,
kaburi lililofukiwa
bila konzi moja ya udongo, yake.
Meza ile haikutimia mita moja.
Sijui ni ndege gani ingeivuka.

Usiku wa nne Witold anaosha vyombo,
kampa baba mgongo:
"Ule uyoga.
Mama alikuwa akitia haradali kiasi gani?"

Augustyn akautafuta mkono wa mkewe juu ya sufuria,
akauona, na mbegu akaziona zikidondoka,
ila hakuwahi kuzihesabu.
"Sijui," akasema. "Sikumuuliza."

Bomba likafungwa.
Mwana akafuta mikono kwenye suruali,
akavuta kiti, si kile cha mbali.
"Tuanze na kijiko kimoja," akasema.
"Ikiwa kali, tutapunguza."