Sakitu

Julai, mlimani kwetu Makete,
baridi haibishi hodi.
Inashuka usiku, kimya, kama mdai,
na asubuhi shamba la viazi
lililolala kijani
limeamka jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto.
Watu wa joto hawaamini nikiwaambia
kwamba barafu huunguza.

Mwaka wa kwanza mama alipiga kelele.
Alimpigia kelele Mungu, baba, mbwa, mimi.
Nakumbuka mwiko. Nakumbuka mgongo wangu.
Mwaka wa pili baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu,
na dhahabu ikampenda kuliko sisi.
Mwaka wa tatu
mama hakupiga kelele.
Alipita tuta kwa tuta, amejifunga blanketi,
akishika kila shina kwa vidole viwili
kama muuguzi anayetafuta mshipa,
na yale yenye uhai kidogo chini ya udongo
akayawekea kijiti.
Mashina kumi na saba. Nilihesabu mimi.

Sikukuu ya mavuno alipeleka kanisani
bakuli la viazi vidogo kama gololi.
Mzee Ngajilo, mtunza daftari,
aliinua kalamu, akakosa kipimo cha kuandika.
"Andika bakuli," mama akasema.
"Mungu anajua kuhesabu vidogo."
Nami kwenye benchi la nyuma nikaona aibu,
aibu ile ya miaka kumi na miwili,
inayochoma hadi masikioni.

Sasa msinifanyie haraka.
Msiniambie sakitu ilitumwa
ili mama yangu afundwe upole.
Jirani yetu Tweve ilimpiga usiku ule ule,
shamba lake na letu mpaka ni mmoja,
naye alikuwa besi ya kwaya, sauti ya kutikisa bati;
leo sauti hiyo inasikika kilabuni tu,
ikigombana na kikombe.
Kwa nini yeye vile na mama hivi?
Nilimuuliza mchungaji.
Mungu ambariki, alisema hajui.

Ninachojua mimi ni kidogo.
Ninajua mwiko ulirudi chunguni, ukabaki huko.
Ninajua usiku mmoja nilimwona mama
akiacha ndoo ya mbegu mlangoni kwa Tweve,
mbegu zile zile, wajukuu wa mashina kumi na saba,
akaondoka akinyata kama mwizi
ili asije mtu akamshukuru.
Jambo kama hilo halioti kwa siku moja.
Lilikuwa linanenepa chini, gizani,
pasipo na wa kulitazama,
kama kiazi chenyewe.

Mwaka huu ni zamu yangu.
Kiwanda cha chai kule Mufindi kilibandika majina ukutani,
langu la nne kutoka juu.
Nikapanda basi hadi Njombe, kisha Njombe hadi nyumbani,
na begi moja,
na maneno niliyoyapanga njia nzima
ya kumwambia Mungu, kama angethubutu kuniuliza.

Mama hakuuliza. Alinipa uji.
Saa tisa usiku akanigusa bega.
Nje nyota zilikuwa karibu mno,
anga limewambwa kama ngozi ya ngoma;
usiku wa namna hiyo kwetu tunaujua.
Kandokando ya shamba alikwisha panga
marundo ya nyasi mbichi,
ili moshi utambae, ulale juu ya viazi.
"Mwaka jana ulisaidia?"
"Nusu," akasema. "Upepo uligeuka."

Akapiga magoti. Nilidhani ni kupuliza moto tu,
kisha nikasikia midomo yake
ikipuliza na kuomba kwa pumzi moja.

Macho yakanitiririka. Nikasema ni moshi.
Rundo la pili lilikuwa bado, na la tatu,
na mengine, hadi kule chini kijitoni.
Akageuka, uso mweusi kwa masizi.
"Mbona umesimama?" akasema.
"Kiberiti hiki hapa."